Fundi aliyemfukuza bawabu wa kompyuta

Saa mbili na robo asubuhi, fundi amepiga magoti chini ya meza ya kumi na moja. Kichwa kimezama kati ya nyaya, na kinachoonekana cha mtu huyu mzima wa miaka arobaini na saba ni soli za viatu na bisibisi iliyochomoza kwenye mfuko wa nyuma.

Chumba hiki cha kompyuta kiko ghorofa ya kwanza ya maktaba ya umma. Kina meza ishirini na mbili, feni mbili ambazo moja huzunguka na nyingine humtazama mwenzake, na dirisha refu linaloangalia maegesho ya baiskeli. Ukutani pamebandikwa karatasi yenye herufi kubwa: USILE HUMU. Chini yake kuna maganda ya karanga.

“Hiyo ya ngapi?” anauliza Mama Funguo, msimamizi wa chumba, anayeitwa hivyo kwa sababu ya kishada cha funguo kinachoning’inia kiunoni na kutangaza ujio wake kabla hajafika.

“Ya kumi na moja.”

“Na saa nne wanaingia.”

“Najua, mama. Saa nne wanaingia. Najua.”

Amejibu kwa ukali, na papo hapo anajitoa chini ya meza, anapangusa magoti na kuomba radhi. Mama Funguo anapunga mkono kama anayefukuza nzi. Amekwisha zoea. Wiki hizi tatu fundi huyu ameomba radhi hapa ndani mara nyingi kuliko watoto wote waliowahi kurudisha vitabu vilivyochanika.

Mtaani wanamwita Sekunde, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka tisa amekuwa akifufua kompyuta zilizochokwa na maofisi, zile ambazo ukiziwasha unaweza kwenda kuoga na kurudi ukazikuta bado zinajikuna. Huzifuta, huziwekea Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, halafu huzipunguza uzito kidogo kidogo kwa kuzima kila anachoona hakina kazi. Siku ya kumkabidhi mteja mashine yake huwa hana maneno mengi. Hutoa simu, huweka saa ya kuhesabu, hubonyeza kitufe, na wote wawili hutazama sekunde zikipita.

“Thelathini na moja,” husema. “Ilikuwa sitini na nne.”

Wateja hupenda mchezo huo. Yeye, tuseme ukweli, aliupenda kuliko wao. Kibanda chake kina upana wa hatua tatu, kimebanwa kati ya duka la fotokopi na mshona viatu, na faida ya mashine moja hutosha chakula na nauli za watu watano kwa siku mbili. Kutajirika hakumo katika kazi hiyo. Kusifiwa kumo, na fundi hakuwa mtu wa kuona sifa zikipita akazikwepa.

“Nilikuwa nikipita, mtu ananionyesha kwa kidole: yule ndiye Sekunde,” anasimulia, macho yakiwa kwenye bisibisi. “Basi natembea kifua mbele. Leo mtu akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke.”

Ili msomaji aelewe alichokifanya, inabidi tuingie ndani ya kompyuta kidogo tu, na hatutakaa sana. Humo kuna huduma moja ndogo ambayo kazi yake ni kutambua vifaa. Fundi mwenyewe huifananisha na bawabu. Hukaa mlangoni tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa. Ukichomeka kitu, iwe printa au kamera, bawabu hukiuliza wewe nani, umekuja kufanya nini, kisha huenda ndani kumwita anayeijua lugha ya mgeni huyo. Bawabu asipokuwepo, mgeni hubaki nje hata akigonga mpaka kesho.

Kuhusu bawabu huyo, mafundi hawakubaliani. Katika kundi lao la simu, lenye wanachama sitini na kitu, swali liliibuka mwaka jana: je, kompyuta ya mezani yenye Linux bado inahitaji huduma ya kutambua vifaa, au ni mzigo uliobaki kutoka enzi zilizopita? Sekunde alilivaa swali hilo kama vita. Aliandika jumbe ndefu, nyingine zikamlazimu mtu abonyeze ili aone mwisho wake. Hoja yake ilikuwa kwamba kompyuta ya mezani haitembei. Kibodi ni ileile, kipanya ni kilekile, printa iko palepale tangu ilipowekwa. Bawabu wa nini katika nyumba isiyopata wageni?

Fundi mmoja mzee, ambaye kundini anajulikana kama Mzee Waya, alimjibu kwa mstari mmoja: “Wewe umejuaje nani atabisha hodi?”

Sekunde alimrushia vikatuni saba vya kucheka. Bado vipo kwenye simu yake. Anavionyesha bila kuombwa, anavihesabu kimoja kimoja, kisha anairudisha simu mfukoni.

Hakuishia kwenye maneno. Alimwondoa bawabu katika mashine zake, na badala yake akaandika kwa mkono orodha ya vifaa kumi na vinne ambavyo kompyuta itavipokea: kibodi, kipanya, spika, flashi, printa za aina tano anazozifahamu, na vingine vya namna hiyo. Kilichomo kwenye orodha kitaingia. Kisichokuwemo hakijulikani. Akaweka saa yake ya kuhesabu, akaona amepata sekunde tisa zaidi, akapiga makofi peke yake kibandani.

Akajaribu kama kawaida yake, na kosa lilikuwa katika kawaida hiyo. Mezani pake vifaa ni vilevile miaka yote, vimekwisha chomekwa, nyaya zimefungwa pamoja kwa utepe. Hakuna mgeni aliyewahi kufika pale. Kila mashine aliyoijaribu ilifaulu, kwa kuwa mtihani aliutunga yeye na majibu alikuwa ameyaandika yeye. Kwa miezi kadhaa alizisambaza mashine mia moja thelathini na saba katika sehemu kumi na moja, zikiwemo hizi ishirini na mbili za maktaba.

Mtu mmoja tu alimkatalia. Mkewe, ambaye huchapa kazi za wanafunzi katika kona ya kibanda hichohicho, alikataa katakata kompyuta yake isiguswe.

“Yangu iache,” alimwambia. “Mimi na uzito wake tumezoeana.”

Sasa tuje kwa dada ambaye leo saa nne atapanda ngazi hizi.

Ana miaka thelathini na minane. Aliugua akiwa na kumi na sita, homa ikaondoka na macho yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa opereta wa simu hospitalini, akiunganisha wodi na familia kwa sauti ambayo watu waliijua kuliko ya daktari mkuu, mpaka hospitali ilipoweka sauti iliyorekodiwa na yeye akapewa barua ya shukrani. Nyumbani kwao bado wanamwita Opereta. Wenzake wa kazini walimchangia zawadi ya kuagana: kibao cha nukta nundu. Ni kifaa cha urefu wa rula kinachochomekwa kwenye kompyuta, na kila kilichoandikwa kwenye skrini huinuka juu yake kama vipele vidogo vya chuma, naye hukisoma kwa vidole.

Miezi tisa iliyopita ofisi moja ya umma ilitangaza nafasi za wanukuzi, watu wa kusikiliza mashauri yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Kazi hiyo ilikuwa kana kwamba imekatwa kwa kipimo chake. Masikio yake yana mafunzo ya miaka kumi na mmoja. Ila mnukuzi masikio yake yameshikwa na kinasa sauti, kwa hiyo kompyuta haiwezi kumsomea kwa sauti wakati huohuo. Lazima vidole visome. Bila kibao, hakuna kazi.

Usaili ulifanyika humu, katika chumba hiki. Waombaji walikuwa tisa. Opereta akaketi meza ya nne, akachomeka kibao chake, akaweka vidole juu. Kibao kilikuwa bapa. Hakuna nukta hata moja iliyoinuka.

Mama Funguo akamwita fundi, ambaye kibanda chake kiko ng’ambo ya barabara. Akaja mbio, simu mkononi, akifurahi kuonekana. Akachomoa, akachomeka tundu jingine. Akabadilisha waya. Akajaribu kompyuta ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa zake, zote zilikuwa bubu. Kisha akatoa flashi yake mfukoni, akaichomeka, ikafunguka mara moja.

“Mnaona?” alisema, akiwageukia watu, wala si mwenye kibao. “Kompyuta zangu nzima. Hiki kifaa chako, dada, ndicho kimekufa. Kimeingia maji hiki.”

Tunapofika hapa katika masimulizi, fundi anaacha bisibisi. Anachukua kitambaa, anafuta skrini ambayo haina vumbi.

“Hayo maji niliyatoa hewani,” anasema hatimaye. “Sikukifungua. Sikuona hata tone. Sisi mafundi tukikosa jibu tunasema maji. Watu wanaamini, maana kila nyumba ina maji.”

Opereta akakunja waya wake, akaweka kibao kwenye mkoba, akatoka kwa fimbo yake huku wanane waliobaki wakimpisha. Mmoja akamgusa bega na kumwambia pole. Afisa wa usaili akaandika kwamba mwombaji amejiondoa. Fundi akarudi kibandani na kumsimulia mkewe jinsi mashine zake zilivyosimama imara siku hiyo.

Kwa miezi saba hakuliwaza jambo hilo tena.

Kisha, wiki tano zilizopita, mwanamume mmoja alisimama mlangoni pa kibanda akiwa na mfuko wa plastiki. Alikuwa kaka yake Opereta, dereva wa lori.

“Fundi, humu kuna kitu cha dada yangu,” alisema. “Kama kuna cha kuokoa, okoa. Kama hakuna, tupa huko huko. Usimrudishie, kinamliza.”

Fundi akakifungua kibao hicho kwa bisibisi ndogo. Ndani palikuwa pakavu. Hapakuwa na kutu, wala doa, wala dalili yoyote ya maji. Meza yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo akakichomeka kwenye iliyokuwa karibu, kompyuta ya mkewe, ile nzito, ile iliyokataliwa kuguswa.

Nukta zikainuka zote.

“Zimesimama,” mkewe alisema, akiacha kuchapa. “Si ulisema kimekufa?”

Fundi akakichomoa, akakichomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Kimya. Akakirudisha kwa mkewe. Zikainuka. Alifanya hivyo mara tatu, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa kwamba kibao hakikuwemo kwenye orodha yake, na alikuwa akitafuta namna ya kutoelewa.

“Nilikaa chini,” anasema. “Siyo kwenye kiti. Chini, sakafuni. Nikaona uso wa yule dada siku ile, namna alivyokunja ule waya polepole. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.”

Aibu hiyo ingemtosha mtu. Yeye akaiongeza. Kaka alipokuja jioni, akauliza, “Umekirekebisha?” Na fundi, aliyekuwa amejipanga kusema yote, akafungua mdomo na kujisikia akisema, “Nimekirekebisha.”

Dereva wa lori akamkumbatia. Akamwita bingwa. Akataka kulipa, fundi akakataa, na kukataa huko kukamfanya aonekane mwema zaidi. Siku tatu baadaye ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa Opereta mwenyewe, sauti ileile ya hospitali, tulivu na safi, ikimshukuru na kumwombea mikono yake isipungukiwe baraka. Fundi aliusikiliza mara moja tu. Mkewe aliusikia pia, akiwa amempa mgongo.

“Unamjibu nini?” mkewe aliuliza.

“Nitamjibu.”

Hakujibu. Siku zikafika kumi na sita. Alikuwa anakula nusu sahani, anaamka anakaa ukingoni mwa kitanda. Wateja wakimpa mashine haweki tena saa ya kuhesabu. Siku ya kumi na sita mkewe alizima kompyuta yake katikati ya kazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akamgeukia.

“Baba, utaenda wewe au niende mimi?”

Akaenda. Anaikumbuka sebule hiyo vizuri: makochi mawili yenye vitambaa vya kufumwa, redio juu ya kabati, kalenda ya mwaka uliopita. Mama yake Opereta alimkaribisha, akamletea maji ya kunywa kwenye sinia, akatoka. Kilichomshangaza ni kwamba mwanamke huyo, kabla ya kuweka sinia mezani, alimwuliza binti yake, “Niguse hapa?”

Fundi akaeleza. Akaeleza bawabu, orodha, sekunde tisa. Opereta alisikiliza bila kumkatiza, kama mtu aliyezoea kuwasikiliza watu wakiwa na shida kwenye simu.

“Siku ile ya usaili ulijua?” aliuliza.

“Sikujua.”

“Na siku kaka alipokuja kukichukua?”

“Siku hiyo nilijua.”

“Na ujumbe wangu uliusikiliza?”

“Niliusikiliza.”

Kisha Opereta akamwambia kitu ambacho fundi hakukitarajia. Asubuhi ya usaili, mama yake alikuwa amepangusa meza iliyokuwa na kibao. Aliporudi nyumbani na neno la maji masikioni, Opereta alimwuliza mama kama kitambaa kilikuwa kibichi. Mama akasema kilikuwa kikavu. Akala kiapo. Binti hakumwamini, kwa sababu fundi mwenye sifa mji mzima alikuwa amesema ni maji. Tangu siku hiyo mama hagusi kitu cha binti yake bila kuuliza.

“Miezi saba anauliza, niguse, niguse,” Opereta alisema. “Ananiuliza hata mtungi wa maji. Mimi nikawa namwacha aulize.”

Fundi akaanza kuomba msamaha. Opereta akamzuia.

“Kukosea, sawa, umekosea. Hilo la kunyamaza bado nina hasira nalo, siwezi kukudanganya. Lakini sikiliza. Ulinisema mbele za watu. Utajisema mbele za watu. Na mama sijamwambia. Utamwambia wewe.”

Kesho yake fundi aliandika barua kwenda kwa ofisi iliyofanya usaili. Aliiandika mara nne. Katika tatu za kwanza, anakiri, alijaribu kuingiza maneno kama “hitilafu ilijitokeza,” kana kwamba hitilafu ina miguu. Ya nne ilisema: mimi ndiye niliyezizuia kompyuta zisipokee kifaa cha mwombaji, nikamlaumu yeye. Ofisi ilikuwa inafanya awamu ya pili ya usaili. Ikamwongeza kwenye orodha.

Tangu hapo amekuwa akizunguka kwa wateja wake akimrudisha bawabu mashine moja baada ya nyingine, bila malipo, na kila mahali analazimika kueleza kwa nini. Kwingine watu hucheka tu. Katika shule moja karani alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, “Kwa hiyo ile printa tuliyoirudisha dukani, nikagombezwa kwa kununua kifaa kibovu, ilikuwa nzima?” Fundi aliinamisha kichwa, akaendelea na kazi, na karani akamletea kiti.

Kundini pia aliandika. Alimwomba radhi Mzee Waya mbele ya wote sitini na kitu. Mzee akajibu kwa mstari mmoja, kama kawaida yake: “Wangapi bado?”

Na lile swali la mwaka jana, analijibuje leo?

“Mtu akiniuliza kama kompyuta ya mezani bado inamhitaji bawabu, nitamwuliza kwanza nani anakaa mbele yake,” anasema. “Kama ni yako peke yako, chumbani kwako, na vifaa vyako unavijua, fanya upendavyo. Ila ya watu, mwache bawabu wa watu. Mimi niliwapimia wengine kwa meza yangu.”

Saa nne kasoro dakika tano, meza ya ishirini na mbili imekamilika. Fundi ananawa uso kwenye bomba la ukumbini, anarudi, anasimama karibu na feni isiyozunguka. Ana karatasi aliyoandika atakachosema. Anaikunjua, anaikunja.

Wanaingia waombaji saba na afisa wa usaili, yuleyule wa siku ile. Nyuma yao anakuja Opereta na fimbo yake, na pembeni yake mama mfupi mwenye koti lililopigwa pasi na viatu vya raba. Mama anaonyeshwa kiti ukutani. Anaketi, mikono mapajani, hagusi kitu. Bado hajui chochote.

Opereta anaketi meza ya nne. Kibao kiko mbele yake, waya haujachomekwa.

“Fundi yupo?” anauliza.

“Nipo.”

“Basi.”

Fundi anaiacha karatasi juu ya meza.

“Naomba dakika moja,” anasema. “Miezi minane iliyopita, humu ndani, nilisema kibao cha dada huyu kimekufa. Hakikufa. Kompyuta ndizo zilikuwa haziwezi kukipokea, na niliyezifanya hivyo ni mimi, kwa sababu nilitaka ziwake haraka nisifiwe. Nikasema kimeingia maji. Hakikuingia maji. Nilipokuja kujua, nilinyamaza siku kumi na sita, nikapokea shukrani kwa kurekebisha kitu kizima. Naona aibu. Dada, nisamehe. Mama…” Anamgeukia mwanamke aliye ukutani, na hapo anashindwa kumtazama, anatazama viatu vyake vya raba. “Mama, nisamehe. Hakikuwa kitambaa chako.”

Mtu mmoja kati ya waombaji anakohoa. Afisa wa usaili anasoma karatasi yake upande usioandikwa kitu.

“Zilikuwa sekunde ngapi?” anauliza Opereta.

“Tisa.”

“Nihesabie nizisikie.”

Fundi anatoa simu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano anaweka ile saa ya kuhesabu. Anabonyeza. Chumba kizima kinatulia, feni moja inazunguka, funguo za Mama Funguo zinalia mara moja na kunyamaza.

“Zimetimia,” anasema.

“Ndizo hizo tu?”

“Ndizo hizo.”

Opereta anaitikia kwa kichwa. Anapapasa ukingo wa mashine, anapata tundu, anachomeka waya mwenyewe. Haipiti hata pumzi moja, nukta zinainuka chini ya vidole vyake, mstari mzima, na mdomo wake unaanza kusoma bila sauti.

Mama amesimama. Anakuja taratibu hadi meza ya nne, anasimama nyuma ya kiti cha binti yake.

“Nilikwambia kilikuwa kikavu,” anasema.

“Uliniambia, mama.”

“Nilikwambia.”

“Uliniambia, nami nikakataa. Nisamehe, mama.”

Mama anatoa leso mfukoni mwa koti. Kibao kilikaa kabatini miezi mingi, na kwenye kona zake bado kuna vumbi. Mkono wake unakwenda, unasimama hewani.

“Niguse?”

“Gusa, mama,” Opereta anasema, na sauti ile tulivu ya hospitali inapasuka katikati. “Gusa tu. Usiniulize tena.”

Mama anapangusa kibao kutoka kona moja hadi nyingine, bila haraka, na afisa wa usaili anamngoja amalize ndipo anawasha kinasa sauti.

Nje ya chumba kuna benchi moja la mbao. Mama anaketi. Fundi anasimama mbali kidogo, mgongo ukutani. Bado ana mashine thelathini na tisa za kuzungukia, na anapanga kuzimaliza kabla ya mwezi kwisha. Baada ya hapo, anasema, atabadilisha namna yake ya kujaribu: kila mteja atakuja na vifaa vyake mwenyewe, atavichomeka kwa mkono wake, mashine ikiwa imekwisha washwa. Saa ya kuhesabu haitatolewa tena. Majibu ya usaili yatatoka baada ya wiki mbili.

“Natumaini atapata,” anasema. “Akipata, sitakwenda kumpongeza. Nitafurahi nikiwa kwangu.”

Mama aliye kwenye benchi amesikia. Anamwangalia kwa muda, leso bado iko mkononi.

“Wewe,” anasema. “Ulijuaje kama nilipangusa meza asubuhi ile?”

“Sikujua, mama. Nilibuni tu.”

Mama anakunja leso. Kutoka ndani inasikika sauti ya kibodi, haraka, bila kusita. Anasogea hadi mwisho wa benchi na kuacha nafasi.

“Kaa basi.”

Fundi anaitazama nafasi hiyo. Anabaki pale pale, mgongo ukutani.

“Nitakaa dada akitoka na kuniambia nikae, mama,” anasema.